Planche ya Mikate na Kona ya Mgongo

Ninyi vijana mnaopita mbele ya nyumba yangu kila jioni mkiteleza juu ya vibao vyenu vya magurudumu ya rangi, nawaona. Mnadhani mzee huyu ameketi kwenye kiti chake anasinzia. Sisinzii hata kidogo. Ninahesabu mnavyoanguka, na juzi mlinipa raha sana, pale yule mrefu wenu mwenye kofia alipoingia uani kwa jirani bila hodi akatoka na kikwembe, kitenge cha mama wa watu, shingoni.

Mnaanguka kwa sababu mnaangalia miguu yenu. Miguu haitoroki jamani, iacheni! Na kona mnazikata mmesimama wima kama nguzo ya umeme, halafu mnalaumu lami.

Mtauliza, mzee Kabange anajua nini mambo haya? Kaeni basi niwaambie. Huo mchezo wenu mimi niliufanya kazi ya kula, miaka kumi na mmoja, wakati nchi hii ikiitwa Zaire na kila mtu akiitwa citoyen, yaani mwananchi. Juu ya ubao wangu palikuwa na mikate mia mbili. Ninyi mkianguka mnachubuka goti. Mimi nikianguka, nusu ya mtaa wa Katuba inakunywa chai bila kitu.

Binti yangu ndiye anayeandika huku nikiongea, naye ni mwalimu, ananisahihisha Kiswahili kila baada ya neno la tatu. Nimemruhusu. Lakini watu wa zamani nimemwambia asiwaguse, waseme kile chetu cha Lubumbashi kama walivyokisema.

Bon. Tanuri letu lilikuwa mjini, juu, na wateja wetu walikuwa chini, Katuba. Mwenye tanuri wa kwanza alikuwa Mgiriki. Siku moja ikatangazwa kwamba maduka ya wageni sasa ni ya wananchi. Mgiriki akatuaga mmoja mmoja, akaenda zake, na tanuri likapewa bwana mmoja ambaye tulimwona mara mbili tu, na mara zote mbili alikuja kuchukua gari. Mara ya kwanza alichukua gari dogo. Mara ya pili alichukua ile camionnette ya kupelekea mikate. Tukabaki na unga, moto na mikate inayopoa juu ya meza.

Aliyetuongoza ni gérant, msimamizi wa tanuri, mtu wa Kasai, zamani mwalimu wa hesabu, mpole, abacost yake, ile suti isiyo na tai ya wakati ule, imepigwa pasi hata siku ya unga mwingi. Akatukusanya mbele ya tanuri akasema, “Ba citoyens, mukate haina miguu. Nani iko na akili?”

Mwenye akili alikuwa Vieux Kaseya, yaani Mzee Kaseya. Huyu alikuwa mtu mfupi, mkavu, zamani fundi vyuma katika karakana za mgodini, na mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia tangu alipozaliwa. Karakana ilipopunguza watu, yeye alikuwa wa kwanza kuambiwa apumzike. Kwetu alikuwa anapasua kuni. Kubeba beseni kichwani hakuweza, maana kila hatua yake ilikuwa ni kushuka na kupanda, mikate ingemwagika yote. Siku ya tatu baada ya maneno ya gérant alikuja asubuhi akiwa anavuta kitu kwa kamba, na kitu hicho kilipiga kelele hata mbwa wa barabara nzima wakanyamaza kukisikiliza.

Ulikuwa ubao mrefu kunishinda mimi, umetolewa kwenye kasha lililoleta mashine. Chini yake roulement nne, vile viduara vya chuma vyenye goroli ndani, vilivyochoka kazi ya mashine kubwa lakini kwa mikate bado vijana. Ekseli ya nyuma ilifungwa kabisa. Ile ya mbele ilishikwa na bolti moja nene iliyolazwa kimshazari, na kati ya ekseli na ubao kulikuwa na vipande viwili vya mpira wa tairi la lori. Hapo ndipo ulipokuwa ujanja wote. Ukilalia upande mmoja, mpira wa upande huo unabonyea, ekseli inajipinda, na ubao unafuata. Hakuna usukani. Usukani ni wewe.

Kasha la mikate linafungwa nyuma kwa mipira ya ndani ya baiskeli. Wewe unasimama mbele, ubavu ubavu, mguu wa kushoto unatangulia. Kushuka unateleza, kurudi unavuta ubao mtupu kwa kamba. Breki hakuna. Msinitajie breki ya kisigino, tulijaribu wote, viatu vikaisha katika wiki moja na mwenzetu mmoja kifundo kikamvimba kama embe.

Siku yangu ya kwanza Vieux Kaseya alinisimamisha juu ya ubao bila mikate, akanizunguka mara mbili akinitazama.

“Kunja magoti.”

Nikakunja kidogo.

“Kunja! Weye njo dereva ao njo muzigo?”

Hilo swali aliniuliza labda mara elfu. Mtu aliyesimama wima juu ya planche, ndivyo tulivyouita ubao ule, ni mzigo, planche inampeleka inakotaka. Mtu aliyekunja magoti ana kitu cha kutoa na kitu cha kurudisha. Lami ikipiga, magoti yanameza. Kona ikija, unashuka kwanza ndipo unalalia. Ninyi mnalalia kwanza halafu mnashuka, tena mnashukia uso.

Alinisukuma, nikaenda. Mbele yangu kulikuwa na barabara pana, tupu, na pembeni kabisa mama mmoja ameketi na beseni la mikate ya kukaanga. Nikajiambia, nisimgonge yule mama. Nikamtazama vizuri ili nisimgonge. Nikazidi kumtazama. Jamani, barabara nzima ile, na mimi nilikwenda moja kwa moja mpaka kwake kama mtu aliyetumwa! Niliketi ndani ya beseni. Mafuta yalikuwa yamepoa, namshukuru Mungu, lakini suruali yangu ilinuka sikukuu kwa mwezi mzima.

Yule mama aliitwa Mama Feza. Baadaye alikuwa mteja wetu mkubwa kule Katuba, na hakuacha kunikumbusha. Siku ile alinipiga kwa kijiko chake cha kupakulia, kwa haki kabisa. Vieux Kaseya alifika akichechemea, akasema, “Ulimuangalia, njo maana ulimufikia. Angalia kwenye unataka kufika.”

Ndiyo somo, basi. Macho yanatangulia, kichwa kinafuata macho, mabega yanafuata kichwa, na planche haina njia ila kufuata mabega. Mkiona shimo, liacheni shimo na mambo yake, tazameni lami iliyo nzima pembeni yake.

Kuna mengine nilijifunza kwa ujinga wangu mwenyewe. Niliona ubao wa Vieux ni mzito kugeuka, nikaona niuboreshe. Nikatoa ule mpira wa tairi nikaweka vipande vya kandambili za mke wangu, laini, vizuri. Asubuhi ubao uligeuka kwa kidole tu, nikacheka peke yangu. Kwenye mteremko mwendo ulipokolea, ubao ukaanza kutetemeka kama mtu wa malaria, kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka ukanitupa. Mikate ilisambaa barabara nzima na mbuzi walikuja kutoka nisikojua. Niliporudi, Vieux hakunigombeza. Mke wangu ndiye aliyenigombeza, juu ya kandambili. Mpira laini ni wa mwendo mdogo, mpira mgumu ni wa mteremko, na mtu mzito anataka mgumu zaidi. Yule mnene wenu anayelalamika kila siku, mwambieni akaze nati zake.

Na mwezi wa kumi jihadharini na maua ya jacaranda. Ni mazuri sana yakiwa juu ya mti. Yakiwa chini ya gurudumu ni sabuni.

Sasa niwaambie jambo lililonifanya nijue kugeuka kweli, maana mpaka hapo nilikuwa nimejua nusu tu.

Planche ina kona mbili. Ukisimama kama mimi, mguu wa kushoto mbele, kifua chako kinaangalia kulia. Kona ya kulia unabonyeza vidole, unaiona yote mbele yako, ni tamu. Hiyo tuliiita kona ya vidole. Kona ya kushoto unabonyeza visigino na kuegemea nyuma, kule unakogeukia hukuoni, ni kama kuketi juu ya kiti ambacho hujui kama kipo. Hiyo ni kona ya mgongo. Mimi kona ya mgongo nilikuwa naikwepa. Nilipanga njia yangu yote hivi kwamba kona kali ziwe za kulia, na za kushoto nilizichukua kwa upana, polepole. Miezi minane nilidanganya hivyo, na nilijiona hodari.

Kwenye mteremko mkubwa wa kwenda Katuba, karibu na chini, kulikuwa na ofisi ya zone, yaani ya wilaya, na mlingoti wa bendera. Ninyi mnajua bendera ikipanda watu wanasimama. Lakini wakati ule ilikuwa kusimama kwa kweli kweli! Filimbi ikilia, kila kitu kinaganda. Mwenye kinga, yaani baiskeli, anashuka kwenye kinga yake, mama anatua beseni, mtu aliye kwa kinyozi anabaki nusu kichwa na sabuni inamwingia jichoni, hapangusi. Kutembea wakati ule ilikuwa ni kudharau nchi, na vijana wa chama walikuwa wanakuangalia.

Mimi nilipeleka mikate ya alfajiri, kabla ya filimbi. Mikate ya pili, ya saa ya bendera, aliipeleka Vieux Kaseya mwenyewe. Aliposikia filimbi alikata mteremko kwa kona za mfululizo, kulia kushoto, kulia kushoto, upana wote wa barabara, kila kona ikila mwendo kidogo, na mwisho aliingia kushoto kwenye avenue ndogo ya fundi viatu, ambayo ilikuwa inapanda. Kilima kilimsimamisha chenyewe. Anaweka tofali nyuma ya gurudumu, anasimama sawa, wimbo unaanza.

Alhamisi moja akaugua homa. Gérant akaniambia, “Kabange, leo peleka na ya pili.”

Nikapeleka. Nilikuwa katikati ya mteremko filimbi ikalia. Nilikata kulia, vizuri. Nikataka kukata kushoto, mgongo ukakataa. Nikakata kulia tena kidogo, nikakaribia mtaro, nikanyoosha. Avenue ya fundi viatu ikanipita upande wa kushoto kama dirisha la treni. Mwendo ukazidi. Mbele yangu bendera inaanza kupanda, wakubwa wa zone wamejipanga, watu wote wameganda. Na mimi nakuja na mikate mia mbili, roulement zinapiga kelele kupita wimbo.

Nifanye nini? Nikasimama wima. Nikabana mikono mapajani, kidevu juu, macho kwenye bendera, nikapita mbele ya zone nzima nimesimama heshima kamili. Hakuna aliyetikisika. Macho tu ndiyo yalinisindikiza, kutoka kushoto mpaka kulia. Nikapotea kwenye kona ya chini, na huko nikaingia mtaroni, heshima na yote.

Hamjacheka? Mimi nilicheka baada ya miaka kumi. Siku ile walinitoa mtaroni vijana wanne wa chama, na mkubwa wao, citoyen Mulongo, tuliyecheza naye mpira tukiwa wadogo, alikuwa amekasirika kweli kweli.

“Unazarau bendera ya inchi?”

“Hapana, citoyen. Miye nilisimama. Planche njo ilitembea.”

Mmoja wa wale vijana aligeuka upande kuficha meno. Mulongo hakuficha kitu. Nilikaa kutwa nzima nang'oa majani nyuma ya ofisi, na jioni gérant akaitwa. Mulongo alimpa mpaka Jumatatu, akasema, “Lundi, saa ya bendera, ule ule aliyepita njo atasimamisha, mbele yetu. Ikikatala, planche zote ziende moto.”

Gérant alirudi nami kwa miguu njia nzima. Karibu na tanuri akasema, “Citoyen Kabange, weye iko kijana. Planche zikiungua, utabeba beseni kwa kichwa, utaishi. Vieux atabeba na nini?”

Moyo uliniuma, sitawaficha. Kuni tulikuwa tumeacha kupasua, tanuri lilikuwa limepata mashine ya mafuta. Hapakuwa na kazi nyingine kwa mtu wa mguu ule. Alikuwa na watoto sita na heshima yake yote ilikuwa katika ubao alioubuni yeye, na mimi ndiye niliyeuharibia, kwa sababu ya kona moja niliyoiogopa miezi minane na kumficha.

Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya umma ya lazima, nilikwenda kwake Katuba kumwambia. Alikuwa amelala chini ya blanketi, jasho linamtoka. Nilimwambia yote, hata ule udanganyifu wa kona za kulia. Nilitegemea anitukane. Akasema, “Nilikuwa najua. Kiatu yako ya kulia inaishaka kwa vidole, kisigino iko mupya.” Akaomba suruali yake.

Mkewe alipiga kelele, mimi nikapiga kelele, yeye akavaa suruali. Tulikwenda kwenye uwanja mmoja wa saruji nyuma ya ghala, tambarare, mpana. Aliketi juu ya jiwe na blanketi mabegani kama chifu, akaniagiza nijaze kasha mchanga.

Jioni ile niliangukia mgongo mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Kila nikifika mahali pa kuegemea nyuma, mwili unanyooka wenyewe. Mnajua hofu hiyo, nimewaona nayo. Makalio yanabaki juu ya ubao, mtu anainama kiuno kama anatafuta sindano, na planche inakwenda mbele tu.

“Mugongo yako iko na macho,” alisema Vieux. “Yako kwa bega. Geuza kichwa mpaka uone pale nyuma.”

“Naanguka, vieux.”

“Unaanguka juu ya kuangalia mbele. Onyesha na mukono. Onyesha pale unaenda, kama unamuonyesha mutu njia.”

Jumapili baada ya misa tukaendelea. Aliweka kofia yake juu ya tofali, upande wangu wa kushoto, nyuma kabisa. Nikishuka kwenye magoti, ninyooshe mkono wa kushoto kuionyesha kofia, macho juu ya bega mpaka niione. Mara ya kwanza nilianguka. Ya pili nilianguka. Ya sita au ya saba nilinyoosha mkono, nikaiona kofia, bega likafunguka, visigino vikabonyea vyenyewe, na dunia ikazunguka polepole upande wa mgongo wangu. Nilipita kando ya ile kofia nimesimama! Nilipiga ukelele kama mtoto. Vieux alisema tu, “Tena,” na nikarudia mpaka jua likawa jekundu. Saa ya kuondoka nilimwona anatabasamu ndani ya blanketi, akidhani simwoni.

Lundi gérant alinifungia kasha kwa mikono yake mwenyewe, abacost na yote, mikono ya koti ikajaa unga. Vieux Kaseya nilidhani yuko kitandani.

Nilishuka. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, habari ilikuwa imetembea. Mama Feza alikuwa amepanda mpaka pale na beseni lake kuja kuona, akanipigia kelele, “Kabange, leo usikae kwa beseni yangu!” Watu wakacheka, na kicheko kile kilinisaidia, magoti yangu yakalegea.

Filimbi. Nikashuka, vidole, kulia. Barabara ikapita mbele ya kifua changu. Mkono, bega, visigino, kushoto. Mwendo ukapungua, niliusikia kwenye kelele za roulement. Kulia tena, karibu na mtaro, macho mbali na mtaro. Na sasa avenue ya fundi viatu, kali, ya mgongo. Nikanyoosha mkono kama naonyesha mtu njia, nikaangalia juu ya bega, na pale kwenye kona, karibu na kibanda cha fundi viatu, nikamwona Vieux Kaseya amesimama na blanketi lake. Niliingia. Ubao ulijikunja wote chini yangu, ukapanda kilima, ukapunguza, ukapunguza, ukasimama. Kifua changu kilikuwa kinaitazama bendera moja kwa moja, hata sikuhitaji kugeuka. Nikabana mikono. Wimbo ukaanza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sikuweka tofali.

Jumamosi na Jumapili tulikuwa kwenye uwanja tambarare, tofali la kuzuia gurudumu sikulikumbuka hata mara moja. Sasa niko juu ya kilima, nimeganda, siruhusiwi kutikisa kidole, na chini ya miguu yangu nasikia goroli zinaanza. Tik. Tik. Ubao unarudi nyuma. Taratibu, lakini unarudi, kuelekea barabara kubwa, kuelekea macho ya citoyen Mulongo. Nikitia mguu chini nimetembea. Nisipotia, planche inatembea. Niliomba Mungu kwa jina langu la ubatizo, lile tulilokatazwa kulitumia.

Tik. Halafu ikanyamaza. Ubao ulisimama kimya. Nyuma yangu nilisikia mtu anavuta pumzi kwa meno, mara moja, basi. Nikasema, asante Bwana. Wimbo ule, watoto wangu, sijawahi kuusikia mrefu vile.

Ulipokwisha, watu wakaanza kutikisika na kupiga makofi. Mulongo akapanda mpaka kwetu, akautazama ubao, akanitazama mimi, akamtazama Vieux Kaseya aliyekuwa amesimama nyuma tu ya kasha, mnyoofu, anatabasamu, macho yamejaa machozi.

“Bon,” Mulongo akasema. “Inasimama. Peleka mukate.”

Akashuka. Vieux aliendelea kutabasamu mpaka yule alipofika mbali. Ndipo aliponiambia kwa sauti ndogo, “Sasa vuta planche mbele kidogo. Polepole, kwa jina ya Mungu.”

Nikageuka nikaangalia chini. Gurudumu la nyuma lilikuwa juu ya vidole vyake. Alikuwa ameingiza mguu wake wa kulia, ule mzima, ndani ya kandambili, chini ya chuma na mikate mia mbili, na wimbo wote alikuwa ameimba.

Nilivuta ubao. Nililia, na sioni aibu. Fundi viatu alileta maji na kitambaa tukamfunga. Alijaribu hatua moja akacheka, maana sasa alikuwa anachechemea miguu yote miwili, na mwili haukujua uangukie upande gani.

“Panda juu ya kasha, vieux.”

“Miye si mukate.”

“Panda.”

Akapanda, akakaa juu ya mikate na blanketi lake, akashika mabega yangu kwa mikono yote miwili. Kutoka pale mpaka kwake kulikuwa na kona saba, tatu za vidole na nne za mgongo. Nilizikata zote saba na yule mzee mgongoni kwangu, na njia nzima hakunisahihisha hata moja.